Joto Alilolitafuta Baba Yako

Thiruvananthapuram,
mwezi wa Karkidakam, mvua haijapumua tangu juzi.

Mpenzi Nanda,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye nyumba hii yenye unyevu, ambamo hata chumvi imegeuka maji ndani ya kopo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muscat, wewe na Sasi, na kwamba Malu ameshapona lile goti aliloumia kwenye mpira wa vinyoya. Mwambie Ambika, rafiki wa mama yake, anauliza kama siku hizi mchezo huo unachezwa kwa magoti. Ukiniulizia mimi, mwili ni mzima. Nasema mwili, maana moyo wangu hauko sawa na sina nia ya kukuficha.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu ambaye hata siku yako ya kuzaliwa anakutumia picha ya ua tu kwenye simu. Lakini kwenye simu sina nafasi nawe. Nikipiga nikiwa kwenu, Mama yako anakaa ubavuni kwangu anasikiliza. Nikipiga nikiwa kwangu, nikilitaja tu jina la baba yako, wewe unakumbuka kuna kitu kinaungua jikoni. Miaka yote hii kuna kitu kinaungua jikoni kwako, Nanda. Karatasi huwezi kuikatia laini, kwa hiyo kaa chini usome mpaka mwisho.

Nianze na yeye. Baba yako amerudishwa nyumbani. Hospitali wamesema dawa imefanya ilichoweza, na kilichobaki ni kumpunguzia maumivu tu. Nilikuwepo Mama alipokuambia kwamba "anapumzika", nikajiuma ulimi. Hapumziki. Anakwisha. Kikoi chake anakizungusha kiunoni mara mbili na bado kinamteleza, na ile sauti iliyokuwa ikitutoa mbio koridoni siku hizi haifiki hata mlangoni. Tena hataki kuonewa huruma. Mjumbe wa chama alikuja kumjulia hali akaanza kulengwalengwa na machozi, baba yako akamwambia kama amekuja kulia, kuna foleni, na wanawake wa mtaa wamewahi.

Kilichokuwa kinamshikilia duniani ni kitu kimoja, nawe unakijua. Ila najua utampa Sasi asome, na Sasi anastahili kuelewa mkwe wake ni mtu wa namna gani, kwa hiyo nivumilie nikirudia. Miaka thelathini iliyopita Saar, kama tunavyomwita baba yako sisi wanafunzi wake, alirusha roketi ndogo kutoka ufukweni hapa, ikapanda juu kabisa, kule ambako hewa imevunjika vipande na elektroni zinarandaranda zenyewe. Akapima joto lake. Vitabu vinasema jua likizama, elektroni hizo hupoa upesi. Za kwake hazikupoa. Akasema huku kwetu, chini ya mstari wa sumaku unaopita juu ya vichwa vyetu, kuna kitu kinachozipasha moto jioni ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Akalipeleka jambo hilo kwenye mkutano mkubwa, kijana wa anga, matumaini kibao. Thampi, mwanasayansi ambaye naye alikuwa kijana, akainuka kule nyuma akauliza: "Saar, hizo elektroni zina homa, au ni kifaa chako kilichopakwa mafuta ya nazi?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tangu siku hiyo huko kaskazini wanamwita Govindankutty wa Homa.

Basi ndiyo maana ya yale yote tuliyoyapata sisi wanafunzi wake. Kifaa cha kupimia kikiwa na uchafu, hata utando wa jasho la kidole, kinasoma joto juu kuliko lilivyo. Kila fundi wa kazi hii anajua. Lakini baba yako alilifanya kuwa dini, yeye asiyekuwa na dini. Alitunusa mikono mlangoni. Wasichana wa Kimalayali tukaacha kupaka nywele mafuta, mama zetu wakadhani tumefiwa. Na wewe, mwanawe wa pekee, siku uliposhika tufe la kifaa cha majaribio kwa mkono mtupu kwa sababu lilikuwa linadondoka mezani, alikutoa maabara mbele ya watu wote na kukwambia usirudi. Hukurudi. Hukurudi maabara, kisha nyumbani nako ukaacha kurudi, ukasema hukanyagi pale mpaka akuite kwa mdomo wake. Siandiki haya kukutonesha. Naandika kwa sababu utayahitaji huko mbele.

Setilaiti yetu iliruka mwezi wa Kumbham, yapata miezi mitano sasa. Uliona kwenye taarifa ya habari, ukanitumia ua kama langu. Baba yako ameshastaafu, lakini kifaa ni chake, na hakuna aliyethubutu kumwambia vinginevyo. Ni tufe la dhahabu la ukubwa wa ndimu, limekaa kwenye ncha ya mkono mrefu, mbali na mwili wa setilaiti lisisumbuliwe. Tunalipandisha volti kidogo kidogo na kuangalia linakusanya umeme kiasi gani, kisha tunazishusha vilevile. Humo ndimo tunamosoma wingi wa elektroni na joto lake. Ndani ya tufe kuna kikanza kidogo cha kuunguza uchafu, alichokipigania yeye mwenyewe vikaoni mpaka wahandisi wakachoka. Tulipofika angani umeme wa setilaiti ulikuwa wa kubana, tukamuuliza kama tukiwashe. Akasema tusipoteze umeme wa serikali. Tufe lake ni safi kuliko roho zetu.

Nanda, namba zilipoanza kuja zilikuwa za moto. Jioni baada ya jioni, setilaiti ikipita juu yetu jua likiwa limeshazama, joto lilikuwa lilelile alilolisema yeye miaka thelathini iliyopita. Nililipeleka nyumbani kwenu mwenyewe, nikamsomea kitandani. Kisha akamwambia Mama amletee kinyozi. Siku ile alinyoa, akala dosa mbili, akaketi barazani na shati lililopigwa pasi, akawa anaulizia watu waliomcheka mmoja mmoja, nani yuko hai na nani amekwepa kwa kufa. Thampi mwenyewe alipiga simu kutoka huko kwenye taasisi yake kubwa. Baba yako aliiweka simu itoe sauti nje ili sote tusikie, akamwambia, "Haya, Thampi, ile homa imerudi, na safari hii ina vyeti." Thampi akacheka, akasema Saar ni mzee mbaya sana, na kwamba atakuja kwa ndege kumvisha shali ya heshima kwa mikono yake. Mama akajifuta macho na ncha ya sari. Daktari alipokuja kumpima alisema hajui anaandika nini kwenye faili, maana mgonjwa ameongezeka uzito.

Sasa nakuja kwenye langu. Namba zile nilizopeleka zilikuwa za kompyuta, zilizokwisha kuchujwa. Michoro yenyewe nilikuwa sijaifungua, kwa sababu ya furaha, au kwa sababu ya woga, sijui. Nilipoifungua nikaona. Unajua mchoro wa kupanda volti na mchoro wa kushuka lazima ilaliane, mmoja juu ya mwingine. Ya kwetu haikulaliana. Mstari ulipanda kwa njia yake ukashuka kwa nyingine, na katikati pakaachwa pengo. Hiyo ndiyo alama ya uchafu aliyotufundisha yeye wiki ya kwanza kabisa, kabla hata hajayashika majina yetu.

Nilifanya kila analofanya mtu asiyetaka kuamini. Nikasema ni kivuli cha mabawa ya setilaiti. Si kivuli. Nikasema ni kosa la programu, nikamsumbua kila aliyeigusa. Si programu. Nikajiuliza uchafu ungetoka wapi. Tufe tulilisafisha mara ya mwisho mbele ya macho yake, likawekwa kwenye chumba chake, na baada ya sikukuu ya zana tukalivika kofia yake ambayo haikuvuliwa mpaka lilipofika angani. Hakuna aliyeligusa. Nilikuwa naenda kazini nikiwa sijalala, narudi nikiwa sijala, na mume wangu akaniuliza kama kuna mtu mwingine. Nikamwambia yupo, ana ukubwa wa ndimu.

Jibu nililipata jikoni kwenu. Nilikuwa nimempelekea Saar karatasi za kusaini, nikamkuta Mama anakoroga payasam, ule uji mtamu wa sherehe, kwa ajili ya ile siku ya shali. Akanivuta karibu, akazima redio, akaniambia kwamba sisi wasomi huwacheka watu wa hekaluni, lakini yeye ana siri, na ameshindwa kuibeba peke yake kwa furaha. Mwaka jana, ibada ya zana ilipokaribia, aliwaza kwamba pale kazini kwetu kila mtu hupaka zana zake liwa ya msandali na unga mwekundu, hata wahasibu hupaka kompyuta zao, ila maabara ya mume wake tu ndiyo hukaa kavu mwaka hadi mwaka. Na mume wake anaumwa, na hiki ndicho kifaa chake cha mwisho. Akaenda kwenye hekalu la Saraswati, mungu wa elimu, akaweka nadhiri, akarudi na liwa imefungwa kwenye jani la mgomba. Akampigia mumewe magoti. Saar akakataa. Akamletea picha yako, Nanda, ile ya sare ya shule, akaushika mkono wa baba yako akauweka juu ya kichwa chako pichani, akamwapisha: atakipaka kifaa chake liwa hiyo, kidogo tu, walau ncha ya kidole. Na Saar, mtu asiyeamini kitu ila asiyevunja neno, akaapa.

Alikwenda mchana wa sikukuu, siku ambayo hakuna anayeshika kitabu wala bisibisi, zana zote zimelala na maabara haina mtu. Aliporudi akamwambia Mama kwamba tayari. "Na umeona?" Mama akaniambia, mwiko mkononi, uso umemjaa nuru. "Wamemcheka miaka thelathini, na Bibi Saraswati amemjibu kwa kidole kimoja cha liwa. Ila usimwambie kama nimekwambia, atanikasirikia." Akanipa payasam nionje. Nikaonja. Nikamwambia sukari imekaa vizuri.

Nilimchukia Mama, nikakuchukia wewe na picha yako, nikamchukia yeye na kiapo chake. Baadaye nikaishiwa na watu wa kuchukia, nikabaki mimi na ule mchoro. Nikinyamaza, atakufa na furaha yake, na matokeo yatachapishwa kwa jina lake. Halafu mtu mmoja, siku moja, atafungua michoro kama nilivyoifungua mimi, na watamcheka tena akiwa hana mdomo wa kujibu. Nikisema, nitamuua leo kabla ya ugonjwa. Nilisali, mimi niliyeapa kwamba sisali. Nilikaa kwenye choo cha ofisi nikalia mpaka mfagiaji akaniuliza kupitia mlangoni kama nahitaji muuguzi.

Siku ya shali ikafika bila mimi kuamua. Thampi alikuja, amenenepa, amevaa koti kwenye joto hili, akavua viatu barazani, akamwinamia baba yako mpaka chini. Majirani walijaa mpaka kwenye ngazi. Shali ilikuwa nyeupe yenye pindo la dhahabu. Thampi alikuwa ameshaikunjua, ameinyanyua, baba yako akainua mkono kumzuia. Akanigeukia. Akasema, "Ambika, lete mchoro. Wa kupanda na wa kushuka. Nataka huyu bwana anivishe shali akiwa anauangalia."

Nikasema mashine ya kuchapia imeharibika. Thampi akatania kwamba serikali ina hela ya kurusha tufe la dhahabu mbinguni lakini haina hela ya wino, na watu wakacheka. Baba yako hakucheka. Aliniangalia, Nanda. Unalijua lile jicho. Halafu akaipokea shali, akaikunja mwenyewe taratibu, akaiweka mapajani. Akamwambia Thampi kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba awe na subira ya siku chache, kuna hesabu moja haijafungwa. Ikifungwa vizuri ataivaa. Ikifungwa vibaya, Thampi atarudi nayo kwake ikamfae mkewe. Mama akaanza kugawa payasam, watu wakadhani ni maringo ya kizee.

Walipoondoka alimtuma Mama duka la dawa. Nikamwambia yote: mistari imeachana, pengo ni kubwa, halipungui. Kuhusu liwa sikusema neno. Alinyanyua mkono wa kulia, akaanza kusugua ncha za vidole kwa kidole gumba. Kisha akaniambia nichukue sindano kwenye kikapu cha Mama nimdunge. Nikakataa. Akaichukua mwenyewe akajidunga kidoleni, damu ikatoka, uso wake haukubadilika hata kidogo. "Toka nianze dawa zao," akasema, "vidole hivi si vyangu."

Ndipo akanieleza. Siku ile hakutaka kabisa kupaka tufe. Alikusudia kupaka mguu wa kile kistuli tufe lilipokaa, ili kiapo kitimie na kazi isidhurike. Lakini uzi uliofunga jani la mgomba ulikataa kufunguka akiwa na glavu, akavua ya kulia. Akapaka mguu wa kistuli. Akafuta vidole kwa kitambaa, akaona vimetoka safi. Wakati anaondoka akaona tufe limeinama kidogo, akalinyoosha. Mkono wa mazoea, Ambika, akasema. Hakukumbuka kama alikuwa amerudisha glavu, na vidole havikumwambia. Siku zote hizi alijua alivaa. Mpaka alipouona uso wangu mbele ya shali.

Nilitaka kusema labda bado si hivyo. Akaniambia nisimpumbaze. Akaniagiza mambo mawili. La kwanza, niwashe kikanza, umeme utoshe usitoshe, nikiunguze kile kilichoko kwenye tufe, nimletee joto jinsi lilivyo. La pili, Mama yako asijue kamwe kwamba ni liwa yake. "Huyu mwanamke amesali kwa ajili yangu maisha yake yote nikimcheka," akasema. "Siku moja nimemsikiliza. Asije akajua siku hiyo ilifanya nini." Nanda, nawe nakuomba, lililoandikwa hapa kuhusu liwa lisitoke mdomoni mwako mbele yake. Yeye anaamini kuna chombo kimechoka kwa jua. Anapanga kwenda tena hekaluni.

Tukakiwasha. Setilaiti ilikuwa upande wa kivuli na betri zilikuwa dhaifu, wahandisi walinitukana kwa adabu, lakini ilikuwa amri ya Saar na mimi ndiye niliyeibonyeza. Ilipokuja juu yetu jioni iliyofuata nilifungua michoro kabla ya namba. Wa kupanda na wa kushuka ililaliana, safi, mizuri, kama ya kitabuni. Na joto nalo lilikuwa la kitabuni. Elektroni zilikuwa zimepoa jua lilipozama, kama kila mtu alivyosema zinapoa. Hakuna kinachozipasha moto, Nanda. Hakijawahi kuwepo. Wingi wao tulikuwa tumeupima sawasawa siku zote, hilo angalau, lakini nani atamkumbuka kwa wingi.

Nilimpelekea. Aliangalia ule mchoro muda mrefu, akaupitisha kidole juu yake kana kwamba angeusikia. Akasema mchoro mzuri. Halafu akasema, "Kumbe siku ile Thampi alisema kweli. Mafuta ya nazi." Alimpigia Thampi mwenyewe, akamwambia namba mpya na kwamba ile ya kwanza ilikuwa uchafu, na kwamba anataka ichapishwe kwa jina lake, Govindankutty amepima akagundua Govindankutty alikosea, asiachiwe mtu mwingine raha ya kusema. Thampi alikuwa bado mjini. Akaja. Shali akakataa kuichukua. Akamshika Saar miguu akaondoka, na aliposhafika kwenye gari ndipo dereva alipomwonyesha kwamba yuko peku, viatu amevisahau barazani. Akasema viache.

Tangu siku hiyo baba yako amegeuza uso ukutani. Uji hataki. Dawa ya maumivu anaimeza ili Mama asilie, basi. Huwezi kujua ni ukimya gani ule kama hujakaa nao. Wale watu wa foleni ya kulia sasa wanakuja na yeye hana hata neno la kuwafukuzia. Nilikuwa nakwenda kila siku baada ya kazi, naketi, namsomea wingi wa elektroni wa jana kama mtu anayemsomea mgonjwa gazeti. Hanijibu.

Juzi akanijibu, ila si kuhusu elektroni. Alisema bila kunigeukia: "Kidole kimoja, Ambika. Alilishika lisianguke. Angeliacha lianguke ningemwita mzembe. Nikamtoa mbele ya watu. Na mimi, nani amenitoa?" Kisha akauliza kama unajua anaumwa. Nikasema unajua. Akauliza kama umesema kitu. Akauliza, Nanda, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo mtu yeyote: "Atakuja?"

Wewe ulisema akuite kwa mdomo wake. Huko ndiko kuita kwake. Hana kwingine, na nguvu ya kuita zaidi ya hapo ameshaimaliza.

Na mimi nikamwambia umeshakata tikiti. Nikasema ndege ya Alhamisi ijayo, ya asubuhi. Sikupanga, maneno yalitoka yenyewe, na yalipotoka sikuyarudisha. Niliweza kumwambia kwamba maisha yake yote yalikuwa mafuta ya nazi, nikamwambia kavu, machoni. Lakini hili la kusema "hapana, Saar, hajasema chochote" lilinishinda. Kwa hiyo nimemdanganya, mwalimu wangu, kitandani kwake, kwa jina lako.

Aligeuka, Nanda. Akanigeukia akaomba uji. Vijiko vichache, lakini yeye ndiye aliyeuomba. Jana asubuhi, na tena leo, amemuuliza Mama kama mvua hii inazuia ndege kutua. Mama amekwishafua shuka za chumba chako, na anaimba, na mimi siwezi kumtazama. Jana alitaka kinyozi aletwe Jumatano.

Naiacha barua hii kwa Shobha, yule muuguzi wa mtaani kwetu, anayerudi Muscat kesho. Atakukabidhi mkononi. Sikulazimishi kumsamehe. Ukifika, mkalie kimya kama yeye, au mtukane, atafurahi. Lakini usiniache nikiwa nimemwambia hili nalo likawa uchafu.

Msalimie Sasi sana, mwambie asinionee haya kwa yote haya ya familia aliyoyasoma. Mbusu Malu gotini. Mama anakusalimu, hajui nimeandika. Mimi Alhamisi asubuhi nitakuwa uwanjani, nimesimama mlango wa wanaotoka, kwa sababu amenituma nikupokee, na ameniagiza nibebe mwavuli mkubwa ili usiloe.

Wako mwenye kukupenda na kukuogopa,

Ambika